Ualimu wa Kiingereza Uarabuni: Ujuzi au Pasipoti?

Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliohitimu shahada ya ualimu na kukosa ajira nyumbani sasa wanaelekeza macho yao Muscat, Doha, Dubai na Riyadh. Sababu zao zinaeleweka. Nchi za Ghuba zina kiu ya Kiingereza katika shule, vyuo na kampuni zake za mafuta. Mshahara wa mwalimu huko haukatwi kodi ya mapato, na aghalabu mwajiri humpa nyumba na tikiti ya ndege ya kwenda na kurudi. Kwa kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima wa kijijini kwao, na ambaye miaka inapita akiwa hana darasa la kufundisha, hakuna haja ya kumlaumu kwa kutafuta riziki ng'ambo ya bahari.

Lakini akifungua tangazo la kazi, mara nyingi hukutana na sharti ambalo hakuna mkufunzi aliyemtayarisha kulikabili. Anayetakiwa ni mtu aliyezaliwa katika lugha ya Kiingereza, na maana ya maneno hayo hufafanuliwa kwa orodha ya pasipoti: Uingereza, Ayalandi, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Asiye na mojawapo barua yake haisomwi, hata kama amefundisha Kiingereza kwa miaka kumi na wanafunzi wake wamefaulu.

Orodha hiyo itazamwe vizuri. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba chini ya mtu mmoja kati ya kumi nchini humo huzungumza Kiingereza nyumbani kwake. Wengine ni Wazulu, Waxhosa, Makaburu, Wasotho na kadhalika, watu waliojifunza Kiingereza shuleni kama alivyojifunza kijana wa Moshi au wa Kisumu. Hakuna anayesema Msotho hafai kufundisha. Anafaa kabisa, akiwa na ujuzi. Jambo la kuuliza ni kipimo gani hiki kinachompitisha yeye na kumkataa jirani yake wa Tanzania, Kenya au Ghana. Kwa vyovyote si kipimo cha lugha, wala si cha ualimu.

Kwa kipimo hicho, Mwalimu Julius Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere, akapata shahada Edinburgh mwaka 1952 na kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, asingeitwa hata kwenye usaili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi kabla ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, angeitwa. Lakini angeitwa kwa sababu ya uraia wake wa Uingereza. Ulimi wake ungekuwa ule ule.

Kasumba hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Januari mwaka 1961, huko Makerere, Uganda, ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miongo mitatu baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, mtaalamu wa Kiingereza Robert Phillipson alizichambua imani zilizotawala mkutano huo na taaluma iliyofuata. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Phillipson aliiita imani hiyo kwa jina linaloistahili: uwongo. Mwalimu aliyejifunza lugha ya kigeni kwa shida anajua mwanafunzi atakwama wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwama hapo hapo. Aliyezaliwa nayo hutamka vizuri, lakini akiulizwa kwa nini kitenzi kimebadilika, huenda asiwe na jibu.

Wakati nchi zetu zikipata uhuru, imani hiyo iliwafaa sana waliotaka wataalamu wao waendelee kuhitajiwa. Ndiyo maana leo kijana wa Kiingereza aliyemaliza shahada ya jambo lolote, akaongeza kozi ya saa 120 inayoweza kukamilika kwa mwezi mmoja tu, huhesabiwa kuwa mwalimu kamili mbele ya Mtanzania aliyesomea kazi hiyo chuo kikuu miaka mitatu na kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule halisi.

Waarabu wa Ghuba wenyewe wana sababu ya kulikumbuka jambo hili kwa namna nyingine. Oman ya kabla ya mwaka 1970 ilikuwa na shule tatu tu za serikali. Ilipofunguka, wengi wa walimu wake walitoka Misri, Sudan na Jordan. Na Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na bara ya Afrika Mashariki walishika kalamu katika wizara na kampuni ya mafuta kwa kuwa walikuwa na elimu, na walikuwa na Kiingereza. Kiingereza hicho walikipata kwenye madawati ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Wakati huo hakikuonekana kuwa na kasoro.

Wapo watakaosema kwamba mwenye fedha ana haki ya kuchagua. Wakuu wa shule za binafsi za huko hujitetea hivyo hivyo: mzazi analipa ada kubwa, naye anataka kuona Mzungu darasani. Basi isemwe wazi kwamba kinachouzwa hapo ni sura, na si somo. Si jambo geni huko kukuta walimu wawili wa shule moja, wenye vipindi sawa na wanafunzi wale wale, wakilipwa mishahara tofauti kwa sababu mmoja ametoka London na mwenzake Manila au Cairo. Na tusijitoe katika lawama: wazazi wa Dar es Salaam wanaokimbilia shule kwa sababu ya lafudhi ya mwalimu mgeni wanaugua ugonjwa huo huo.

Hata hivyo, anayebahatika kupata nafasi asidhani amefika peponi. Mfumo wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta. Mabadiliko yamekuwapo: Oman, kuanzia Januari 2021, humruhusu mfanyakazi aliyemaliza mkataba kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha yule wa kwanza, na Qatar iliondoa sharti kama hilo mwaka 2020. Lakini wapo waajiri ambao bado huzichukua pasipoti za walimu na kuzifungia sandukuni, ijapokuwa sheria zinakataza. Wapo mawakala wanaomsafirisha mwalimu kwa viza ya matembezi na kumwahidi kwamba mambo yatarekebishwa akifika. Mkataba nao una mitego. Ukiandikwa kwa lugha mbili, yanayotambuliwa na mahakama ni maandishi ya Kiarabu. Katika Falme za Kiarabu kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, kwa hiyo mwajiri mjanja hupunguza mshahara huo na kutuna posho, na mwalimu hugundua siku ya kuondoka.

Mwombaji mmoja mmoja hawezi kupambana na haya. Serikali zinaweza. Rwanda ilipohitaji walimu ilitia sahihi makubaliano na Zimbabwe mwezi Desemba 2021, na mwaka uliofuata walimu zaidi ya 150 wa Zimbabwe wakaingia Kigali kwa mpango unaojulikana. Rwanda ilitazama vyeti na uwezo wao.

Mazungumzo ya namna hiyo na nchi za Ghuba yangepaswa kuanza na ile orodha ya pasipoti, kisha mishahara iandikwe kwa kazi badala ya uraia. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Balozi hizo zinaweza kuhakiki shule inayoajiri, kusoma mkataba wa Kiarabu kabla mwalimu hajapanda ndege, na kutunza majina ya mawakala waliowatapeli vijana wetu ili leseni zao zifutwe hapa nyumbani. Na wizara za elimu za huko ziulizwe kwa barua rasmi, zijibu kwa barua rasmi, ni somo gani la Kiingereza ambalo mwalimu kutoka Pretoria analiweza na mwalimu kutoka Dodoma haliwezi.