Kampani iko na mupango wa siku za shida. Na mutumikaji?

Bandugu watumikaji, na nyinyi bamama ku nyumba, siku hizi bakubwa ba kampani wanapenda kusema juu ya mupango wa kuendelesha kazi. Ni kusema: umeme wa SNEL ukikatika, mupaka ukifungwa, ugonjwa ukiingia, kazi isisimame. Si mubaya. Mine ikisimama, ni sisi wa kwanza kulala njaa.

Nikiwa delege mu kampani moja ambayo sitaitaja, walitufungulia ule mupango. Magrupe ya umeme yalikuwamo, mazutu ya akiba, asidi, na njia ingine ya kupitisha shaba kama Kasumbalesa inafungwa, sawa vile Zambia ilifunga mu mwezi wa munane 2024. Yote safi. Nikauliza: ukurasa wa mushahara uko wapi? Wakaangaliana. «Delege, ile ni mambo ya personeli.» Ku personeli nako wakasema haiko kwao.

Matunda yake tulikwisha kuyaona. Mu 2020, wakati wa Korona, makampani mengi ya Lualaba na Haut-Katanga yalifungia watumikaji ndani ya mine. Shaba ilitoka, kobalti ilitoka. Lakini baba alikaa majuma na majuma bila kuona watoto wake, na wengine waliogopa kutoka kusudi wasipoteze kazi. Kwa kampani mupango ulifaulu. Njo maana nauliza: ni mupango wa nani?

Kisha ikaja mambo ya kobalti. Tarehe 22/2/2025 serikali ilisimamisha kuipeleka inje kwa miezi ine, mu mwezi wa sita ikaongeza mitatu, na tangu 16/10 iko kota. Bei ilikuwa imeanguka sana, serikali ilikuwa na sababu yake, sitabishana. Kampani kubwa iliweka kobalti mu depo na kuendelea na shaba, maana vyote viwili vinatoka mu jiwe moja. Lakini mutu wa sutretansi, kontra yake inafuata komande. Komande ikipunguka, anarudi ku nyumba, na mwenye nyumba ya kupanga hajui kota ni kitu gani. Kreseri yeye, hakuna hata mwenye kumuandikia mupango.

Sasa tufanye nini? Sheria ya kazi ya 2002 inasema bosi anapashwa kuomba mawazo ya delegasio juu ya saa za kazi, mishahara, na kufukuza watu. Ule mupango unagusa yote tatu. Na kama anapunguza watu kwa sababu ya shida ya kampani, aangalie ujuzi, miaka ya kazi na muzigo wa jamaa, si sura ya mutu.

Basi delege aombe kuusoma mbele ya shida kufika. Aulize: mishahara ya miezi ngapi imewekwa? Kazi ikilala, mama na watoto wataendelea kupokelewa ku lupitali ya kampani? Watu wa sutretansi wamo? Wakimukatalia, aandike barua, na kopi ifike kwa inspekta wa kazi.