Kobe wa Kanzenze

KUTOKA RUBAVU | Na Yusufu Nzabonimpa

Nilikuwa na miaka 11 nilipoachiwa kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ndogo, ya kijani na nyeupe, yenye mpini kama mkoba, masikio mawili ya kunasia mawimbi, na vibonye vya mpira visivyopitisha vumbi. Ni XO, zile ambazo watoto wa shule za msingi nchini Rwanda walianza kuletewa mwaka 2008, na baadaye zikapita 200,000. Shuleni kwetu zilikaa kabatini. Ijumaa moja mwalimu akaniruhusu niende nayo nyumbani, niirudishe Jumatatu.

Kwetu Kanzenze hapakuwa na umeme, kwa hiyo betri niliitumia kwa hesabu. Mchana nilizima taa ya kioo, maana XO ilisomeka juani. Rangi zilipotea tu, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nikakaa juu ya ukuta wa mawe ya volkano unaozunguka shamba letu la viazi, mlima Karisimbi mbele yangu, nikafungua programu ya kuchora iitwayo Turtle Art.

Ndani yake mna kobe. Unampangia vitofali vya amri: nenda mbele 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Anakuchorea mraba. Mimi nilitaka anichoree Karisimbi, kilele chenye ncha. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba pembetatu ya pande sawa ina pembe za nyuzi 60. Basi nikamgeuza kobe kulia nyuzi 30 ili apande mteremko, kisha nikapanga: mbele 100, kulia 60, rudia mara 3.

Kobe akapanda, akatembea tambarare, akashuka. Mlima uliokatwa kichwa! Nikafuta, nikapanga upya, ukaja uleule. Bibi yangu aliyekuwa akipalilia akaja kuchungulia begani kwangu.

"Mbona huu ni Nyiragongo, mwanangu?"

Ulikuwa Nyiragongo kweli, mlima wa upande wa Goma, wenye kreta pana juu.

Nikashuka ukutani, nikawa kobe mwenyewe katikati ya matuta ya viazi. Hatua kumi mbele, nikasimama kileleni. Sasa nishuke. Miguu ndiyo iliyonijibu: ili kushuka ilinibidi nigeuke sana, karibu nitazame nilikotoka. Kobe hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka kwa ile inayobaki hadi 180. Nikafuta 60, nikaweka 120. Karisimbi ukasimama kwenye kioo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kobe huyo alizaliwa katika Logo, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1967, kazi ya Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Papert alikuwa mzaliwa wa Pretoria, na alitaka hasa hilo: mtoto ajiweke mahali pa kobe, hesabu aijue kwa mwili wake.

Majirani zetu wa wilaya ya Nyabihu wana shule ya kuandika programu, Rwanda Coding Academy, tangu 2019, na ninaifurahia kwa moyo wote. Lakini wanaoingia huchaguliwa kwa alama za mtihani, wakiwa tayari wa sekondari. Katika mtihani, 60 yangu ingepata vema. Iliyonifundisha ni mashine iliyonikatalia bila kunikaripia, siku mbili nzima, bila kengele ya kipindi wala mwenzangu anayesubiri zamu. Ndiyo maana naziomba shule za msingi za wilaya hii, zenye kompyuta za aina yoyote: fungueni makabati. Mpeni kila mtoto Ijumaa yake moja, hata kama mashine itarudi na udongo kwenye vibonye.

Yangu ilirudi na udongo. Jumapili jioni, betri ikielekea kuisha, bibi aliniomba nisiufute ule mlima wa kwanza. Nikapanga vitofali vyote pamoja, kobe akaichora milima miwili sambamba, naye akaitazama mpaka kioo kikazimika.