Dawa ya Nguzo Isiwe Sumu ya Jikoni

Wakulima waliopewa mashamba ya skimu kuanzia mwaka 1962 walijifunza upesi kwamba shamba lisilo na ua ni malisho ya ng'ombe wa jirani. Wakati ule nguzo za mtarakwa zilipatikana bila taabu nyingi. Moyo wa mti ule una mafuta ambayo mchwa hawayapendi, na nguzo yake hukaa ardhini miaka mingi sana. Lakini mtarakwa hukua polepole, nasi tumeukata upesi. Sasa hapa Plateau tunatumia mikaratusi. Mti huu hukua haraka, lakini nguzo yake isiyotiwa dawa huliwa na mchwa na kuoza mapema, hasa pale udongo unapokutana na hewa, kwa sababu hapo kuvu hupata unyevu na hewa pamoja.

Kwa hiyo tunanunua nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Nguzo hukaushwa kwanza, kisha huingizwa katika pipa refu la chuma. Hewa hutolewa na dawa husukumwa ndani ya mti kwa nguvu. Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Iligunduliwa India mwaka 1933 na Bwana Sonti Kamesam, nayo ni dawa hodari. Sitaki mtu aseme kwamba naikataa bila sababu. Lakini aseniki ni sumu. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuitia katika mbao za nyumba za watu tangu mwisho wa mwaka 2003, na nchi za Ulaya zikaweka masharti makali karibu na wakati huo.

Hatari kubwa kwetu ni kipande cha nguzo kinachobaki. Mama wa nyumbani akikosa kuni hukichukua, kwa maana kimekauka na kinawaka vizuri. Moshi wake hubeba aseniki, na majivu yake huwa na sumu nyingi zaidi. Kisha majivu hayo hayo humwagwa kwenye sukuma wiki! Kipande cha namna hiyo kisichomwe kabisa, wala kisitumiwe kutengeneza hori la ng'ombe au kichanja cha mahindi. Na wale wanaopaka nguzo oili chafu ya trekta wanapoteza kazi yao bure: oili haiingii ndani ya mti, bali huchafua udongo.

Sasa nije kwenye neno langu. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya miwati. Kwa miaka mingi kampuni iliyojulikana kama EATEC ilikuwa na kiwanda Eldoret cha kukamua magome ya miwati ili kupata tanini, dawa ya kulainisha ngozi isioze. Mashamba yake yaliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mahali pengi miwati iling'olewa tukapanda mahindi. Siwalaumu waliopanda mahindi. Lakini tanini ile ile ambayo mti huitumia kujilinda dhidi ya kuvu na wadudu inaweza kulinda nguzo.

Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa na Austria walitoa habari za majaribio yao. Walichanganya tanini ya miwati na boroni. Boroni huua kuvu na mchwa, nayo haidhuru watu kama aseniki, ingawa si kitu cha kuliwa. Ubaya wake ni kwamba mvua huiosha ikatoka. Tanini ilipogandishwa ndani ya mti kwa dawa nyingine na joto, ilishika sehemu ya boroni isitoke, na mti ukastahimili kuvu na mchwa vizuri. Hata hivyo, mbao zilizowekwa nje juani na mvuani zilipauka na kupasuka, basi kazi haijakwisha.

Kazi hiyo iliyobaki ingefaa ifanyiwe hapa. Tuna Chuo Kikuu cha Eldoret, tuna Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, na viwanda vya kutia nguzo dawa viko karibu na mji. Mchwa wa Ulaya si mchwa wetu, na mvua yao si mvua ya Plateau. Mkulima mwenye miwati kando ya shamba naye angepata soko la magome, ambayo leo wengi huyaacha yakaoza baada ya kuchoma makaa.

Kwa sasa, mbao za paa, ambazo hazinyeshewi, zinaweza kutiwa boroni peke yake. Kwa nguzo za ua, nunua zilizotiwa dawa katika kiwanda chenye kibali, na ukikata kichwa, usikate upande unaoingia ardhini. Na wataalamu wakija kutafuta mahali pa kujaribia, tuwape kona ya shamba. Nguzo ishirini zenye namba, nusu zimetiwa dawa ya miwati na nusu dawa ya zamani, zing'olewe na kutazamwa kila mwaka mbele ya wakulima wenyewe.