Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Suala la Malazi katika Ziara za Tsavo

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufunzwa katika madarasa ya fasihi simulizi, ikachambuliwa maana yake ya nje na ya ndani, kisha ikatungiwa visa. Ajabu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanapopanga ziara ya mbuga ya wanyama, methali yenyewe husahaulika. Kamati huketi na kuuliza swali moja tu: kitanda ni shilingi ngapi? Swali hilo lina haki yake, kwani mfuko wa mwanafunzi unajulikana. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kulitangulia: mgeni akilala hapo, ni mwenyeji yupi atakayepona?

Tuchukue mfano wa Tsavo, mbuga iliyoanzishwa mwaka wa 1948 na baadaye kugawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa pamoja, mbuga hizi zina zaidi ya kilomita mraba 20,000, na takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani yake. Kiingilio hukusanywa na shirika la kitaifa la wanyamapori, KWS, ilhali ndovu anayevuka mpaka usiku hula mahindi ya mkulima wa Sagalla. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima wa huko wamezungushia mashamba yao nyaya zilizotundikwa mizinga ya nyuki, mdudu ambaye ndovu humwogopa. Mkulima huyu, ambaye ndovu wa taifa huhasiri shamba lake, ndiye mwenyeji wa methali.

Je, malazi yaliyopo yanamfaa vipi? Hoteli zilizo ndani ya mbuga, kama vile Kilaguni iliyofunguliwa mwaka wa 1962, zina fahari yake: mgeni huketi barazani akawatazama wanyama wakija kunywa maji. Hata hivyo, bei yake humshinda mwanafunzi. Kambi ya Ndololo, iliyo karibu na lango la Voi, ni nafuu kwa mwenye hema, na usiku wake una sauti zisizosikika mjini. Lakini ada yake hufuata njia ile ile ya kiingilio. Isitoshe, kundi linalobeba unga, mboga na hata maji kutoka Nairobi hupita Voi kama upepo.

Zimebaki nyumba za wageni mjini Voi. Wanaozipinga hudai kwamba alalaye mjini huikosa alfajiri, saa ambayo simba hajajificha kivulini. Dai hili halina mashiko. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nalo halipo mbali na mji. Anayeamka mapema hulikuta likifunguliwa. Shilingi yake, kwa upande mwingine, humfikia mpishi wa mkahawa, muuza matunda na dereva. Kwa wanaozuru upande wa Tsavo Magharibi, ipo hifadhi ya jamii ya Lumo, ambayo jina lake limeundwa kutokana na ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza. Hapo wanyama huzurura katika ardhi ya wenyeji wenyewe.

Fauka ya hayo, mwanafunzi wa lugha ana sababu ya ziada ya kulala miongoni mwa watu. Jioni moja na wazee wanaozungumza Kidawida na Kiswahili huenda ikamfunza kuhusu ndovu mambo ambayo dirisha la gari haliwezi kumwonyesha. Ila hadhari inahitajika. Si kila nyumba ya wageni iliyo mjini ni ya mwenyeji, kwa hivyo kamati haina budi kuuliza mmiliki ni nani na wafanyakazi wametoka wapi. Aidha, mzee si mnyama wa kutazamwa. Kama ametoa simulizi na wakati wake, anastahili heshima na malipo.

Kamati itakayopanga ziara ijayo na iendelee kuandika orodha ya bei, kwani umaskini wa wanafunzi si hadithi ya kubuni. Lakini kando ya kila bei na iandike jina la atakayepona. Pale ambapo bei mbili zitakaribiana, methali ndiyo iamue.