Wimbo Haushiki Wembe

Katika mahafali ya kidato cha nne niliyohudhuria wilayani Tarime, mgeni rasmi, mtu mzima mwenye cheo na mvi, alisimama mbele ya mabinti waliovaa sare zao kwa mara ya mwisho, akatumia karibu hotuba yake yote kuwaeleza wazazi kwamba adui wa watoto wao ni Bongo Fleva, tamthilia za runinga na simu ya mkononi. Kwamba utandawazi ndio ulioleta mmomonyoko wa maadili. Na kwamba dawa ya maradhi hayo ni kuwanyang'anya watoto simu na kuwarejesha katika mila za wazee. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, maana ulikuwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila aliyeketi chini ya maturubai yale, tangu mkuu wa shule hata muuza maji mlangoni, alifahamu fika mila za wazee zilikuwa zimewaandalia nini wadogo wa mabinti wale mwezi wa Desemba.

Wasomaji wa mbali huenda wakahitaji kuelezwa. Miongoni mwa koo za Wakurya, yaani Wakira, Watimbaru, Wanyabasi, Wanchari, Warenchoka na nyinginezo, baraza la wazee wa mila liitwalo inchama ndilo hutoa ruhusa ya msimu wa tohara, ya wavulana na ya wasichana pamoja, na kwa desturi msimu huo huangukia likizo ya Desemba katika miaka ya shufwa. Ngariba hulipwa ujira wake, wazee hupata fungu lao, na baba hungojea ng'ombe, kwa kuwa binti aliyekwisha katwa huhesabiwa kuwa mwanamke wa kuolewa hata kama daftari za darasa la sita zingalimo mkobani mwake. Ambaye hajakatwa huitwa msagane, na tusi hilo humfuata kisimani, sokoni, na mpaka jikoni kwa mama mkwe.

Nimepata kukutana na msafara wa sherehe hiyo barabarani, upande wa Sirari. Msichana mwenye umri wa miaka 12 hivi alikuwa amefungwa kanga mbili, ametiwa chini ya mwavuli wakati wa adhuhuri, anakwenda kwa hatua fupi fupi na miguu imetanuka, kwa sababu damu ilikuwa haijakauka. Mbele yake vijana wenye marungu na mapanga wakipuliza filimbi, ubavuni akina mama wakipiga vigelegele na kumbandika noti kifuani, na nyuma yao pikipiki iliyofungwa spika kubwa ikipiga Bongo Fleva. Watu walewale wanaoulaani muziki huo mimbarini na majukwaani wameukodi kwa fedha taslimu usherehekee jeraha la mtoto, kisha ifikapo Januari, mtoto akiacha shule, huo huo husingiziwa kwamba ndio uliomharibu.

Hoja yangu ni moja, nami nitaikariri mpaka isikiwe: wimbo haushiki wembe. Hakuna msanii aliyefika Nyamongo au Mugumu alfajiri akamshika mtoto miguu. Hakuna tamthilia ya Kifilipino iliyopatana na baba mtu idadi ya ng'ombe. Atendaye hayo ana jina, ana boma, ana kiti katika baraza la kijiji, na Jumapili hukaa safu za mbele kanisani, ambako huitikia amina kwa sauti kubwa wakati mhubiri anapokemea simu.

Taifa letu limezoea tangu zamani kuadhibu vazi na kuusahau mwili uliomo ndani yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na vipodozi vya kujichubua, utekelezaji wake uanze tarehe 1 Januari 1969. Na kabla hata siku hiyo haijawadia, makundi ya wanaume yalikwisha wavamia wanawake Kariakoo na kuwararulia nguo hadharani, kwa madai ya kulinda heshima ya utamaduni. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukakatazwa Dar es Salaam. Ama kuhusu wembe, nchi ilingoja mpaka mwaka 1998, ilipopitishwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Miaka 30 ilipita kati ya sketi na wembe, na ulipofikiwa huo wembe, faini yake ikawekwa kwa kiasi ambacho leo ng'ombe mmoja mnene anakilipa na chenji ikabaki.

Wala mazoea hayo hayajatutoka. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo uitwao Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na Desemba likawazuia wasanii wenyewe wasifanye maonyesho kwa kuwa walithubutu kuuimba tena jukwaani. Siutetei wimbo ule. Ni utovu wa adabu, na aliyeufungia sina ugomvi naye. Ninalouliza ni kwa nini ghadhabu ya nchi nzima iliweza kupatikana ndani ya siku chache kwa ajili ya wimbo, ilhali Desemba ileile ilikuwa ya mwaka wa shufwa, na katika vilima vya Tarime wasichana kwa mamia walikuwa wamekimbilia kituo cha Masanga, wakiacha nyumba za baba zao, ili wasikatwe.

Zimenifikia hoja nyingi za upande wa pili, na inayopendwa kuliko zote ni kwamba kabla ya kuja runinga na simu hapakuwa na mimba za utotoni. Sijapata kusikia kauli tupu kama hiyo. Aisemaye na aulizwe bibi yake aliolewa akiwa na umri gani, naye atajibu kwa fahari kwamba aliolewa akiwa na miaka 13 au 14, na kwamba alipotimiza 18 alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kifuani, na wa tatu njiani. Mimba zilikuwapo tele. Zilipata radhi ya wazee kwa kuwa ng'ombe walikwisha ingia zizini. Mtu anayeweza kutamka maneno hayo mbele ya bibi yake aliye hai, wala asitahayari, hastahili kukabidhiwa kipaza sauti mbele ya watoto wa watu.

Tena tutazame miaka yenyewe. Redio na runinga za binafsi zilianza kutangaza kwetu katikati ya miaka ya 1990, na Bongo Fleva ikakulia humo. Mwaka 1996 utafiti wa taifa wa afya ulionyesha kwamba wanawake 18 kwa kila 100 nchini wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 8. Kama nyimbo na picha za runinga ndizo zinazomharibu mtoto wa kike, mbona katika zama zake hasa ndipo watoto wa kike wengi zaidi walipopona? Na Mara, ambako mila zinasifiwa kuliko pote, hesabu ya mwaka huo ni 28 kwa 100. Nitaambiwa kwamba sababu ni shule, ni sheria, ni makanisa. Na iwe hivyo. Lakini hao wanaonijibu hivyo hawajapata kunionyesha msichana mmoja aliyekeketwa kwa amri ya redio.

Bali waliookolewa kwa vyombo hivyo wapo. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikatwa utotoni akavuja damu nusura afe, anaongoza nyumba salama za Butiama na Mugumu, na mwaka 2018 filamu ya mwandishi wa Kanada, Giselle Portenier, iliwapeleka mabinti wa nyumba ya Mugumu mbele ya macho ya dunia. Vijiji vingi vya Serengeti havikuwamo katika ramani yoyote ambayo dereva angeweza kuifuata. Ndipo wajitoleaji wa mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, walipovichora njia kwa njia katika kompyuta, wengi wao wakiwa nchi za mbali, hata ikawezekana gari la polisi na waokoaji kuingia usiku kijijini wakiongozwa na simu, kabla ngariba hajaamka. Simu hiyohiyo ndiyo mgeni wetu rasmi alitaka iporwe. Nasema bila ya kigugumizi kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti, Desemba ya mwaka wa shufwa, mzazi anayemnyang'anya binti yake simu amemfungia mlango wa kutokea.

Mtu mwingine wa kumbukumbu ya umma ni Rebeca Gyumi. Vijana wa nchi hii walimjua kwanza kama mtangazaji wa kipindi cha runinga cha Fema, yaani alilelewa na kupata sauti ndani ya mambo yaleyale yanayoitwa upuuzi wa kisasa. Ndiye aliyeipeleka Serikali Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Akashinda Julai 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Wazee wenye busara walikuwa na miaka 45 ya kuiona kasoro hiyo. Aliyekwenda kuipinga alikuwa binti wa runinga.

Na kwa kuwa tunazungumza vitu vinavyoharibu vijana, nitataja kimoja nilichokiona kwa uchungu katika maduka mengi ya miji yetu midogo, nacho sijasikia mahubiri yake: mashine za kamari zinazomeza sarafu za shilingi 200, zilizosimamishwa kando ya mifuko ya unga, na watoto wa shule za msingi wamezizunguka saa za masomo, sare zimechafuka, macho yamekodoka. Mashine hizo hazisemwi, kwa kuwa zina leseni na mwenye duka ni mtu wetu. Msanii aliye Dar es Salaam ni rahisi kulaumiwa. Yuko mbali, hatujuani naye, wala hatahudhuria msiba wetu.

Ninalotaka ni dogo. Wakuu wa shule za Tarime na Serengeti, kabla hawajafunga shule Desemba, wawasomee wanafunzi na wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kikurya, adhabu iliyomo katika sheria ya mwaka 1998. Wawaonyeshe lilipo Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, na wawaeleze njia ya kufika Masanga na Mugumu. Wale wanaoketi inchama na huku wanapokea posho katika vikao vya maendeleo waulizwe hadharani, kwa majina yao, watatoa ruhusa ya msimu au hawatatoa, na majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu za kijiji. Kisha kila binti aandikiwe nyuma ya daftari lake namba 116, ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto, ambayo kuipiga hakugharimu senti, na aachiwe simu ya kuipigia.