Msanii au Msomi? Kijana wa Mkuza, Tovuti Moja Inatosha

Wadau, hili jambo lipo sana mjini na Mkuza pale Kibaha nako limeshafika. Kijana ana akaunti mbili. Ya Instagram ni michoro, jina la kisanii na emoji za moto. Ya LinkedIn ni shahada, suti na picha ya mahafali. Wanaomjua huku hawamjui kule, na mwenyewe anaomba Mungu wasikutane. Siku akitaka kutengeneza tovuti yake binafsi, anakwama palepale: aweke sanaa au aweke usomi?

Aweke vyote. Tovuti moja, jina moja.

Hofu kwamba wasomi wakiona sanaa watamdharau haina mashiko. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, imesimama juu ya historia ya Vita vya Maji Maji, na baadaye akaandika tasnifu ya udaktari huko Ujerumani kuhusu maigizo ya Afrika Mashariki. Penina Muhando ni mtunzi wa tamthilia na ni profesa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya Fasihi 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, huku akiandika riwaya. Usomi haukuua sanaa yao, na sanaa haikuwashusha hadhi.

Sasa mchukulie binti wa Mkuza anayechora mwana hiti, kile kisanamu cha mti cha Wazaramo kinachoendana na mambo ya mwali, na utafiti wake chuoni unahusu unyago huohuo. Shabiki anaona mchoro mkali, anaweka laiki, anapita. Msimamizi anaona kurasa za maandishi, anaweka alama, anafunga. Vikikaa ukurasa mmoja, mchoro juu na maelezo ya utafiti chini, anayetoa ufadhili wa masomo anaona mtu mwenye kitu ambacho wengine kwenye foleni hawana.

Ndiyo maana mpango uanzie kwenye daftari, kabla hata ya kumlipa fundi wa tovuti. Achague kazi tano au sita tu, siyo kila kitu alichowahi kuchora. Kila kazi iwe na mwaka, sentensi mbili za maelezo, na kama walifanya wengi, aseme yeye alifanya nini. Picha ziwe nyepesi, maana wengi watafungua kwa simu na bando la kuungaunga.

Aandike pia orodha ya visivyowekwa, na hapa wengi wanateleza. Bibi aliyekubali kumsimulia mwanafunzi mambo ya ndani ya unyago hakukubali sura na sauti yake zizunguke mtandaoni. Arudi kwake aombe ruhusa upya, na bibi akikataa, basi. Laiki hazilipi heshima ya mtu mzima.

Kuna watakaosema mwajiri wa benki hataki kuona michoro. Inawezekana. Huyo atumiwe kiungo cha ukurasa wa wasifu peke yake. Kuchagua mlango wa kumwingizia mgeni siyo sawa na kubomoa nusu ya nyumba.

Na kwa nini tovuti, wakati mitandao ni bure? Akaunti ni chumba cha kupanga, mwenye nyumba akibadili kufuli umelala nje. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na waliokuwa wameweka kazi zao zote kule walilionja hilo. Anwani ya tovuti nayo hulipiwa kila mwaka, lakini jina ni lako, na zipo zinazoishia na .me.tz kwa ajili ya watu binafsi. Angalizo moja: akitaka kuigeuza kuwa ukurasa wa habari, aulize kwanza TCRA kuhusu leseni, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimekuwa zikibadilishwa.

Kujificha nusu kunachosha, na fursa hupita kwa sababu aliyekuwa akitafuta mtu wa aina hiyo hakujua kama yupo Mkuza.

Wewe mdau, ungemuonesha bosi wako michoro yako? Funguka hapo chini.