MITI SI MAHINDI!

Ndugu wanaushirika,

Wapo wanaowacheka wenzao wanaosikiliza masomo ya misitu kwa simu. Eti tangu lini mti ukafundishwa kwenye simu! Sisi tunawauliza: Chuo cha Misitu cha Olmotonyi kipo Arusha, nani kati yenu atatulipia nauli kutoka Uchindile?

Na hao hao wachekaji, mipaina yao imebanana kama mahindi. Mita 3 kwa 3 ndugu, miche 1,111 kwa hekta, basi! Matawi hawapogoi. Halafu dalali akishuka treni ya TAZARA wanamuuzia mti wa miaka 8, mwembamba kama fito, bei kapanga yeye. Huo ni unyonyaji wa kujitakia.

Na barabara ya kuzuia moto je? Asiyefyeka anaunguza mpaka shamba la jirani. Kiangazi hakisubiri. Simu ipo ofisini, njooni jioni.